Ndoo, Chupa na Nyutroni: Wataalamu wa Usalama wa Ukritikali Hulinda Nini?

Tarehe 1 Agosti 2020, kinu cha kwanza cha kituo cha umeme wa nyuklia cha Barakah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kilifikia ukritikali kwa mara ya kwanza, na wahandisi wake wakapongezana. Tarehe 30 Septemba 1999, huko Tokai nchini Japani, tangi la chuma ndani ya kiwanda cha fueli lilifikia ukritikali vilevile, na wafanyakazi wawili kati ya watatu waliohusika wakafa baada ya miezi ya mateso. Neno ni lile lile na fizikia ni ile ile, kwa hiyo msomaji anayekutana na habari hizo mbili ana haki ya kuchanganyikiwa. Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili mkanganyiko huzidi, kwa sababu neno la Kiingereza lililozaa istilahi hii, "critical", ndilo ambalo hospitalini hufasiriwa kuwa "mahututi", na anayesikia kwamba kinu kimefikia hali hiyo hudhani kinakaribia kulipuka. Sivyo. Kinu kilichofikia ukritikali kimewashwa tu, na kama hakijafika hapo hakiwezi kutoa umeme wowote.

Tofauti ya Barakah na Tokai ni kwamba mahali pamoja ukritikali ulialikwa, ukaandaliwa kuta nene na vidhibiti, na mahali pengine ulijitokeza bila kualikwa, hatua chache kutoka miguu ya watu. Ipo taaluma nzima ambayo kazi yake ni kuzuia ujio huo wa pili. Huitwa usalama wa ukritikali, na wanaoifanya ni wachache kiasi kwamba hata wafanyakazi wengine wa sekta ya nyuklia hawajui hasa wanafanya nini mchana kutwa.

Tuanze na maneno. Kiini cha atomu ya urani-235 au plutoni-239 kikipigwa na nyutroni kinaweza kupasuka vipande viwili, kikatoa nishati pamoja na nyutroni nyingine mbili au tatu. Nyutroni hizo zikipiga viini vingine, navyo vikapasuka, tunapata mmenyuko wa mfululizo. Ili kuelewa lini mfululizo huo huendelea na lini hufa, fikiria uvumi ndani ya ukumbi wenye watu. Aliye na habari huitoa kwa wawili au watatu, lakini si kila aliyeisikia ataieneza: mmoja hutoka mlangoni kabla hajamwona mtu mwingine, mwingine ni msiri, husikia na kunyamaza. Ikiwa kila mwenezaji huacha nyuma yake, kwa wastani, mwenezaji mmoja kamili, uvumi hauongezeki wala haupungui. Huo ndio ukritikali. Wastani ukiwa chini ya mmoja uvumi utakufa wenyewe. Ukizidi mmoja, hata kwa kiasi kidogo, utakua, na kwa kuwa kizazi kimoja cha nyutroni huishi sehemu ndogo mno ya sekunde, kukua huko kunaweza kumalizika kabla mtu hajapepesa jicho. Wataalamu huuandika wastani huo kwa herufi k. Mwendesha kinu huitunza k iwe moja. Mtaalamu wa usalama wa ukritikali, anayeangalia viwanda, maghala, maabara na magari ya kusafirishia fueli, anataka k iwe chini ya moja saa zote, hata siku ambayo mambo yameharibika.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kudhani kwamba hatari hutokana na wingi tu. Uvumi haukui kwa sababu ya idadi ya watu peke yake, bali kwa jinsi walivyokaa. Watu wale wale wakipangwa katika ujia mrefu mwembamba wenye milango pande zote, habari itatoka nje haraka na kupotea. Wakikusanywa katika ukumbi wa duara, itazunguka. Nyutroni nazo hutoroka kirahisi kutoka chombo chembamba na hunaswa ndani ya chombo kinene. Myeyusho wa urani-235 uliomo ndani ya bomba lenye kipenyo kisichozidi sentimita 13.7 hautafikia ukritikali hata bomba likiwa refu kupita kiasi na limezungukwa na maji. Umimine myeyusho huo huo ndani ya pipa, na hesabu inageuka.

Maji yanastahili kuangaliwa zaidi, kwa kuwa akili ya kawaida hutuambia kwamba maji huzima. Nyutroni inapozaliwa hukimbia kwa kasi kubwa, kama mtu anayepita mbio akipiga kelele ambaye hakuna anayeambulia alichosema. Ikigongana na hidrojeni iliyomo ndani ya maji hupunguza mwendo, na nyutroni ya mwendo mdogo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kupasua kiini cha urani-235. Kwa sababu hiyo tufe tupu la metali ya urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa kiwango cha urani-235, hadi juu sana linahitaji kilo 50 hivi ili lifikie ukritikali, ilhali urani-235 iliyoyeyushwa na kuzungukwa na maji huwekewa na viwango vya Marekani kikomo cha gramu 760 pekee. Chini ya kilo moja! Maji yanayozunguka chombo huongeza jambo la pili: huzirudisha ndani nyutroni zilizokuwa zikitoroka, kama ukumbi uliofungiwa milango. Mwili wa binadamu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, hufanya vivyo hivyo. Msiri katika mfano wetu ni boroni, kadimi au gadolini, elementi ambazo humeza nyutroni bila kupasuka. Na vyombo viwili ambavyo kila kimoja ni salama vikisogezwa karibu vinaweza kubadilishana nyutroni hadi vyote viwili kwa pamoja visiwe salama.

Asili yenyewe ilifanya jaribio hili zamani. Mwaka 1972 wanasayansi wa Ufaransa waligundua kwamba madini ya urani kutoka Oklo, nchini Gabon, yalikuwa na upungufu mdogo wa urani-235, nao wakabaini kwamba mwamba ule uliwahi kuwa kinu miaka ipatayo bilioni 2 iliyopita, wakati kiasi cha urani-235 katika urani ya asili kilipokuwa karibu asilimia 3, si 0.72 kama leo. Maji yalipopenya ndani ya mwamba mmenyuko uliwaka. Joto lilipoyafukuza ulizimika. Maji yaliporudi ukawaka tena. Hapakuwa na mlipuko wala bonde lililofukuliwa, na mabaki ya mipasuko ile kwa sehemu kubwa yapo pale pale.

Oklo inatufikisha kwenye imani potofu iliyoenea kuliko zote, kwamba ajali ya ukritikali ni bomu dogo la atomiki. Bomu hulazimika kubana nyenzo zake kwa nguvu na kwa haraka ya ajabu ili zisitawanyike kabla ya kazi kuisha. Myeyusho ndani ya tangi hufanya kinyume chake: ukipata joto hutanuka, hutoa mapovu, hurukaruka, na kwa kufanya hivyo huharibu umbo lililouwezesha. Nishati yote iliyotolewa huko Tokai kwa karibu saa 20 inakadiriwa kutokana na mipasuko kama bilioni bilioni 2.5, idadi inayotisha kwa macho, lakini ukiigeuza kuwa joto unapata takriban megajuli 80, ambazo ni sawa na kuteketeza kilo tano hivi za kuni kavu. Jengo lilibaki limesimama. Kinachoua ni mionzi ya gama na nyutroni zinazofyatuka katika mpigo wa kwanza, nazo humpata aliye karibu kabla hajajua. Walionusurika katika ajali kadhaa wamesimulia kuona mwanga wa buluu. Mwanga huo hauunguzi, ila aliyeuona kwa karibu amekwisha kupokea dozi yake. Nguo maalumu na barakoa, ambazo picha za habari hupenda kuzionyesha, huzuia vumbi lisiingie mwilini, haziwezi kuzuia mionzi hiyo. Kinachosaidia ni umbali na kuondoka upesi.

Maabara ya Los Alamos nchini Marekani iliwahi kukusanya kumbukumbu za ajali zote zilizojulikana, na toleo la mwaka 2000 lilihesabu 60. Kati ya hizo, 38 zilitokea katika vinu na katika majaribio ya utafiti, ikiwemo ile ya Mei 1946 ambapo mwanafizikia Louis Slotin alikuwa akizishikilia nusutufe mbili za berili, metali inayorudisha nyutroni, zisikutane kulizunguka tufe la plutoni, kwa kutumia bisibisi tu. Bisibisi ikateleza, naye akafa siku tisa baadaye. Baada ya hapo majaribio ya kushika kwa mikono yalikomeshwa pale. Zilizobaki 22 zilitokea viwandani, na zina fundisho ambalo mtu hawezi kulibahatisha: 21 zilihusu vimiminika. Metali haimwagiki, haifuati bomba hadi chumba cha pili, wala haijifichi ndani ya chombo cha mafuta cha pampu. Myeyusho hufanya yote hayo, na kubwa zaidi, huchukua umbo la chombo chochote anachokipata mfanyakazi mwenye haraka.

Tarehe 24 Julai 1964, katika kiwanda kilichokuwa Wood River Junction, jimbo la Rhode Island, fundi mmoja alibeba chupa nyembamba ya lita 11. Umbo la chupa lilikuwa limechaguliwa makusudi liwe salama. Alidhani ina myeyusho wenye urani kidogo, kumbe ulikuwa mkolezo. Chupa za aina zote mbili zilifanana. Akaimimina ndani ya tangi lenye kipenyo cha sentimita 46 ambalo kikorogeo chake kilikuwa kinazunguka. Mmweko ukatokea, yeye akaanguka, akainuka, akakimbia nje ya jengo. Alifariki baada ya saa 49. Sehemu ya pili ya kisa hiki husimuliwa mara chache, nami naiona ndiyo yenye mafunzo zaidi: baada ya saa moja na nusu hivi, wakubwa wawili waliingia ili kulimwaga tangi, wakazima kikorogeo. Mzunguko ule ndio uliokuwa umetengeneza shimo katikati ya kimiminika na kulibana umbo lake pembezoni. Uliposimama, kimiminika kilijaza shimo, kikapata umbo nene, na ukritikali ukarudi. Hakuna aliyetambua wakati ule, kwa sababu king'ora kilikuwa bado kinalia kutokana na mpigo wa kwanza.

Miaka sita kabla yake, tarehe 2 Januari 1958, katika kiwanda cha Mayak huko Urusi ya Kisovieti, wafanyakazi walikuwa wamemaliza jaribio la kutafuta mipaka ya usalama na walitakiwa kuumwaga myeyusho kidogo kidogo kupitia bomba hadi kwenye vyombo vidogo. Ili kuokoa muda, walilifungua tangi kutoka kwenye kitako chake, wakaliinamisha kwa mikono. Kulala kwa tangi kuliunenepesha myeyusho, na miili yao iliyolikumbatia ikazirudisha nyutroni ndani. Watatu walifariki katika siku chache zilizofuata.

Hakuna aliyekusudia uovu katika visa hivi, na fizikia iliyohusika ilikuwa imeandikwa vitabuni tayari. Kilichokosekana ni daraja kati ya kitabu na mkono unaobeba chupa, na kulijenga daraja hilo ndiko hasa kazi ya jumuiya za taaluma hii. Kubwa kati ya hizo ni kitengo cha usalama wa ukritikali ndani ya Chama cha Nyuklia cha Marekani, chama kilichoanzishwa mwaka 1954. Uingereza inalo kundi lake la kazi, na Shirika la Nishati ya Nyuklia lililo chini ya OECD, jumuiya ya nchi zenye uchumi ulioendelea, lina jingine linalounganisha nchi nyingi. Wanachama hutoka viwandani, katika maabara, vyuo vikuu na mamlaka za udhibiti, na sehemu kubwa ya wanayoyafanya kwa ajili ya jumuiya ni ya kujitolea. Hukutana katika mikutano ya kimataifa, kama ule wa Paris mwaka 2019 na ule wa Sendai, Japani, mwaka 2023, ambako ajali na makosa yaliyokaribia kuwa ajali hujadiliwa waziwazi na watu ambao waajiri wao wasingependa sana yajadiliwe.

Zao lao linaloshikika ni viwango. Cha kwanza kiliidhinishwa Marekani mwaka 1964, mwaka ule ule wa msiba wa Rhode Island, na kikazaa mfululizo uitwao ANS-8, unaogusa vikomo vya kiasi na vipimo, ving'ora, wajibu wa wasimamizi, mafunzo ya wafanyakazi na maandalizi ya dharura. Viwango hivyo huandikwa na kamati kwa maafikiano, sentensi moja moja, na anayevisoma kwa mara ya kwanza hushangaa kuona ni vifupi.

Kanuni inayotajwa kuliko zote humo inataka kila kazi ipangwe kwa namna ambayo ajali haiwezekani mpaka yatokee, kwa wakati mmoja, mabadiliko yasiyopungua mawili ambayo hayatarajiwi na hayategemeani. Dereva anayeegesha lori mlimani huvuta breki ya mkono na bado huweka jiwe chini ya gurudumu, kwani kinachokata waya wa breki hakiwezi pia kuliondoa jiwe. Kwa maoni yangu ugumu wote umejificha katika neno "hayategemeani". Kufuli mbili ambazo funguo zake zimetundikwa kwenye msumari mmoja ni kufuli moja. Tokai ilikuwa na vizuizi viwili kwa hesabu ya karatasi: kikomo cha kilo 2.4 za urani kwa kila fungu, na safu ndefu nyembamba ya kuhifadhia myeyusho. Lakini safu ile ilikuwa na usumbufu, bomba lake la kutolea likiwa chini karibu na sakafu, na utaratibu ulioidhinishwa ulikuwa umekwisha kubadilishwa kimyakimya. Wafanyakazi, ambao hawakuwa wamefundishwa ipasavyo maana ya ukritikali, waliyeyusha urani iliyorutubishwa hadi asilimia 18.8 ndani ya ndoo za chuma cha pua, wakaimimina kwa faneli ndani ya tangi pana, ndoo baada ya ndoo, hadi kilo 16.6 hivi. Uamuzi mmoja, wa kutumia ndoo ili kazi iishe mapema, uliangusha vizuizi vyote viwili kwa mpigo. Tangi lilikuwa limevikwa koti la maji ya kupoza, nalo likazirudisha nyutroni ndani, hivyo mmenyuko ukaendelea hadi alfajiri ya siku iliyofuata, pale maji yale yalipotolewa na kisha asidi ya boriki ikamwagwa ndani. Watu wapatao 310,000 walikuwa wameambiwa wasitoke majumbani mwao.

Kazi nyingine ya jumuiya hizi haionekani kabisa kwa umma. Leo k hukokotolewa kwa kompyuta, na kompyuta hujibu kwa ujasiri ule ule iwe imesema kweli au imekosea. Ili kuipima, wataalamu wa nchi nyingi wamekuwa wakikusanya tangu mwaka 1992 majaribio halisi ya ukritikali, mengine ya miaka ya 1950, wakichunguza kila kipimo cha kila tofali na kila tone, wakayaweka katika kitabu kimoja kikubwa. Mhandisi huipa programu yake majaribio yanayofanana na kazi yake, huona inakosea kwa kiasi gani, kisha huacha nafasi zaidi ya kosa hilo. Katika mabwawa ya fueli iliyotumika, kwa mfano, kikomo kinachotumika mara nyingi ni k ya 0.95.

Hata hivyo hesabu haziwezi kufanya kazi bila watu wanaoheshimiwa mahali pa kazi. Agosti 2011, ndani ya Los Alamos yenyewe, mahali taaluma hii ilipozaliwa, mafundi walizipanga fimbo nane za plutoni pamoja ili wazipige picha. Hakuna aliyeumia. Lakini wahandisi wengi wa usalama wa ukritikali waliiacha maabara hiyo katika kipindi kilichofuata, kwa kuona kwamba ushauri wao haupewi uzito, na mwaka 2013 mkurugenzi akasimamisha kazi katika jengo la plutoni. Nadhani hapo ndipo faida ya kuwa na jumuiya ya taaluma inapoonekana: mhandisi aliye peke yake mbele ya ratiba iliyochelewa ana sauti ndogo, ila akiweza kuonyesha kiwango kilichoandikwa na wenzake wa nchi nzima anayembishia hambishii yeye tu.

Ukimfuata mtaalamu huyo katika siku ya kawaida hutaona mengi ya kusisimua. Atasimama mbele ya sanduku la vioo lenye glavu ndefu ambamo plutoni hushughulikiwa, asome kibao cha vikomo kilichobandikwa ubavuni, ahesabu vyombo vilivyomo na umbali kati yake. Kisha atainama kuangalia tundu la kutolea maji lililo sakafuni mwa sanduku. Limewekwa ili, moto ukizuka na maji ya kuzimia yakiingia, kimiminika kisijae kufikia kina cha hatari bali kibaki utando mwembamba wa sentimita chache. Anachotafuta ni kama kuna mtu aliyeacha kitambaa cha kufutia juu ya tundu lile.